ACC ni Fuliza ya Gari

Wasee, leo hakuna drama ya mapenzi wala siasa. Leo nataka tuongee kuhusu kitufe. Kile cha gari, kinachoandikwa ENGINE START STOP, ambacho kila mtu hapa Huruma anajua kukibonyeza na wachache sana wanajua kinafanya nini ukikibonyeza bila kukanyaga breki.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Lakini wewe huna gari." Kweli, sina. Mimi natembea, na nikichoka napanda mathree. Lakini gari ya kubonyeza iko kwa maisha yangu kila siku, na kama unaishi Eastlands iko kwa yako pia. Ni ya anko wako, ni ya jirani wa orofa ya tatu, ni ya yule buda wa teksi unayempigia usiku mathe akizidiwa. Ikikataa kuwaka, shida haiishi kwa mwenye gari peke yake.

Kwanza, hizi gari zimetoka wapi zote? Jibu ni sheria. Kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515 kinasema gari la mtumba likiingia Kenya lisiwe limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2025 zilizokubaliwa ni zile zilizosajiliwa kuanzia Januari 2018. Kwa hivyo mtaa wetu unamfuata Mjapani kwa nyuma, miaka saba, minane hivi. Kile ambacho yeye alilipia kama raha, sisi tunakikuta kimeegeshwa kando ya kibanda cha mutura. Kitufe kilitufikia hivyo.

Na kilitufikia bila mwalimu. Kitabu cha maelezo, kama kipo, kiko kwa Kijapani. Gari nyingi ukiziwasha zinakusalimia kwa sauti ya dada wa Kijapani akikwambia hujaingiza kadi ya kulipia barabara kuu ya kwao. Redio nayo ina ukwao wake: Japani kwa miaka mingi FM ilianzia 76 ikaishia 90, yetu inaanzia 88 hadi 108. Ndiyo maana kuna gari hapa mtaani zinashika Ghetto Radio, kwa sababu iko 89.5, na stesheni nyingi zilizobaki hazipo kabisa mpaka fundi afunge kile kidude cha kubadilisha masafa. Hata televisheni ya kwenye skrini haishiki, kwa sababu mfumo wao wa dijitali si huu wetu. Tunaendesha mashine iliyofikiriwa kwa mtu mwingine, halafu tunashangaa ikitukataa.

Sasa sikia tofauti. Gari ya ufunguo ilikuwa inakufunza kwa mkono. Unaingiza ufunguo, unazungusha kidogo, tak, redio inaamka. Unazungusha tena, taa za dashibodi zinawaka. Unazungusha mpaka mwisho, stata inalia, injini inashika. Kila hatua kidole kilikuwa kinaisikia. Ukiacha ufunguo katikati, ungeuona hapo unaning'inia, na mtu angekuuliza mbona hujatoa.

Kitufe kimeficha hizo hatua zote mahali pamoja, na kinachoamua ni mguu. Ukikanyaga breki ukabonyeza, injini inawaka. Hiyo kila mtu anajua. Usipokanyaga breki, bonyeza ya kwanza inakupeleka ACC: redio, soketi ya kuchajia simu, skrini. Bonyeza ya pili inakupeleka ON: hapo dashibodi yote inawaka, kompyuta ya injini inaamka, madirisha yanafanya kazi, feni ya hewa inavuma. Injini bado imezima. Bonyeza ya tatu, ukiwa gia ya P, inazima kila kitu. Huo ndio mpangilio wa Toyota na kampuni nyingi za Japani. Kampuni zingine zina tabia zao ndogo ndogo, lakini wazo ni hilo hilo.

Shida ni kwamba ukikaa ndani usiku, ACC na ON zinafanana. Redio inaimba kote kuwili. Hakuna kelele ya injini kote kuwili. Lakini kwa betri, moja ni mtu anayekuomba maji ya kunywa na nyingine ni mtu aliyekuja na mtungi.

Mbona nakuhubiria haya? Kwa sababu Huruma gari iliyozimwa ni chumba.

Mnajua tunavyoishi. Ghorofa zimebanana mpaka jirani wa upande ule akikoroga chai unasikia kijiko. Chini kuna welding, kando kuna kanisa la kesha, Juja Road mathree zinapiga honi, na asubuhi mbuzi wa Kiamaiko wanapita wakiwa na maoni yao. Mimi nikitaka kurekodi sauti ya video ya dakika mbili kwa nyumba, nitarekodi mara kumi na moja, na zote kumi na moja utasikia mtoto wa mtu analia. Kwa nyumba yetu tuko wanne na chumba ni kimoja. Hakuna mlango wa kufunga.

Anko, mdogo wake mathe, ana Vitz ya teksi. Usiku inalala kwa pakingi ya soja, na ikishafungwa milango na madirisha, ile gari ndiyo mahali pa kimya kuliko pote ninapopajua upande huu wa mto. Viti vya kitambaa vinanyonya mwangwi. Nachomeka simu, nawasha kataa kadogo, narekodi. Video zenu mnazozipenda nyingi zimetoka hapo, gia ikiwa P na injini ikiwa baridi.

Na siko peke yangu. Tembea usiku kwenye pakingi yoyote ya mtaa uangalie. Kuna dereva wa teksi amelaza kiti anangoja ombi la safari. Kuna wapenzi ambao hawana pengine pa kuongea. Kuna mwanafunzi wa chuo anasoma kwa taa ya dari. Kuna mzee amekaa tu anasikiliza taarifa ya habari, kwa sababu nyumbani rimoti ni ya watoto. Wote wanakula umeme wa betri, na wengi wao hawajui bili ni ngapi.

Bili tunaweza kuihesabu. Betri ya gari ndogo kama Vitz au Demio huwa na uwezo wa karibu ampea 35 kwa saa, ile namba inayoandikwa Ah. Kwenye karatasi maana yake inaweza kutoa ampea moja kwa saa 35, au ampea 5 kwa saa 7. Redio na skrini na taa na simu moja inayochajiwa, tuseme ni ampea 4. Ukikaa saa tatu umekula 12. Hiyo ni theluthi moja ya betri mpya. Lakini nani Huruma ana betri mpya? Ikiwa ya miaka mitatu, labda imebaki na nusu ya nguvu yake. Sasa umekula 12 kutoka kwa 17 au 18, na stata asubuhi itataka zaidi ya ampea 100 kwa mpigo, kwa sekunde moja au mbili. Betri iliyochoka haiwezi kutoa hiyo teke. Inalia tak-tak-tak inanyamaza.

Ukiwa kwa ON ndiyo mambo yanaharibika. Feni ya hewa ikiwa juu inaweza kula ampea 10 peke yake. Ongeza dashibodi, ongeza kompyuta, ongeza redio. Zile saa tatu zinakuwa saa moja.

Kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Betri ya gari haikutengenezwa kwa kukaa inatoa kidogo kidogo. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu alteneta irudishe injini ikishawaka. Betri za sola zimetengenezwa kuvumilia kutolewa mpaka chini. Za kuwasha gari hapana. Kila ukiishusha mpaka mwisho unaikata umri. Ikizimika kabisa mara tano, sita, hata ukiichaji haitakuwa ile ya zamani.

Ndiyo maana nasema ACC ni Fuliza ya gari. Tangu Fuliza ije mwaka 2019 sote tumejua hiyo raha: pesa haipo, na bado unalipia unga. Halafu pesa ikiingia, kabla hujaiona, inakatwa. ACC ni hivyo. Unakula umeme ambao injini haijautafuta bado. Kesho asubuhi gari ikiwaka, alteneta inaanza kulipa deni lako kabla ya kazi nyingine. Na hapa watu wanajidanganya, eti "nitawasha injini dakika kumi nirudishe." Betri hupokea chaji polepole, na injini ikiwa imesimama tu alteneta haifikishi nguvu yake yote. Dakika kumi haziwezi kulipa saa tatu. Unahitaji mwendo wa kweli, Huruma hadi Westlands na kurudi, na wakati mwingine zaidi.

Sasa niwape kisa. Mnakumbuka robo fainali ya CHAN, tarehe 22 Agosti 2025, Kenya na Madagascar pale Kasarani. Mtaa mzima ulisimama. Vijana watano wa ploti yetu, watu wazuri tu, walimwomba Anko waingie kwa Vitz wasikilize mechi, simu imeunganishwa na spika kwa Bluetooth. Anko akawapa ufunguo, akawaambia redio peke yake, akapanda juu kulala kwa sababu alikuwa na mteja wa airport alfajiri. Mimi nilikuwa kwa nyumba naosha vyombo. Goli nililisikia kutoka nje kama kila mtu.

Watu watano ndani ya Vitz, Agosti, madirisha yamefungwa. Wakasikia joto. Ukiwa ACC kwenye Toyota dirisha la umeme halishuki, feni haivumi. Tena Toyota nyingi zina akili kidogo: ukiiacha ACC na gia ikiwa P inajizima yenyewe, dakika 20 kwa baadhi ya modeli, saa moja kwa zingine. Kwa hivyo gari ilikuwa inajaribu kuokoa betri, na wao wanaona inawasumbua katikati ya mechi. Mmoja akabonyeza mara ya pili. Dirisha likashuka, feni ikavuma, kila mtu akafurahi. Mechi ikaenda 1-1, ikaingia dakika za nyongeza, ikaingia penalti. Tukafungwa 4-3. Wakatoka wakiwa na huzuni, wakapiga mlango.

Saa kumi na nusu alfajiri Anko anabonyeza. Tak-tak-tak. Giza.

Akaita vijana wasukume. Hiyo ndiyo dawa yetu ya tangu zamani, si ndiyo? Gari imekataa, watu sita nyuma, gia ya pili, achilia klachi, inashika. Lakini Vitz ya otomatiki haina klachi ya kuachilia. Gia za otomatiki zinashikana na injini kwa presha ya oili, na presha hiyo inatoka kwa pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala, magurudumu yanazunguka peke yake. Unaweza kuisukuma kutoka Huruma mpaka Kariobangi raundabauti, utafika umechoka na gari bado imezima. Na hata kuisukuma ni shida, kwa sababu betri ikiisha kabisa gia haitoki P mpaka ujue kale kashimo ka kufungulia, kalikoandikwa SHIFT LOCK, na usukani unaweza kukataa kufunguka.

Aliyemwokoa ni jirani wa Probox anayesambaza mkate, aliyekuwa na nyaya za jampa. Nyekundu kwa chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwa chanya ya betri nzima, nyeusi kwa hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha gari iliyokufa, mbali na betri, ili cheche isirukie gesi ya betri. Shikeni huo mpangilio, siku moja utakuwa wewe. Vitz ikawaka. Mteja wa airport alikuwa ameshapata gari nyingine. Hiyo safari ndiyo ingelipa mafuta ya siku nzima, na betri yenyewe haikupona vizuri, ilibadilishwa kabla ya mwezi kuisha.

Swali langu kwenu si nani alibonyeza. Swali ni nani alilipa. Wale watano hakuna aliyetoa hata mia. Na si kwa ubaya. Kwao walikuwa "wamekaa tu kwa gari." Injini haikuwaka, mafuta hayakupungua, kwa hivyo kwa hesabu yao hawakutumia kitu. Kitu kisicho na kelele tunakiona cha bure. Ni kama ile jirani anayekuomba umchajie simu "kidogo tu" kila siku, halafu tokeni zako za stima zikiisha anashangaa nawe.

Anko alikasirika akafunga gari kwa kila mtu. Mimi pia. Wiki mbili sikurekodi. Kuna kazi ndogo ya tangazo la duka la mtaa ilinipita kwa sababu sauti niliyotuma ilikuwa na mbuzi ndani. Niliumia, lakini sikumlaumu. Ile gari ndiyo karo ya watoto wake wawili. Ningekuwa yeye ningefunga pia.

Nilirudi kwake na karatasi, kweli karatasi. Nikamwambia, "Anko, naomba uniskize tu, ukikataa sitarudia." Akasema, "Ongea, mtoto wa siz, lakini usinizungushe." Nikamwambia masharti yangu. Moja, nitanunua kile kipima volti kidogo cha kuchomeka kwa soketi; pale Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, zinauzwa rahisi. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6. Ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 ni balaa. Mimi nitatoka ikifika 12.4, hata kama niko katikati ya sentensi. Mbili, kataa kangu katatumia pawabanki, si gari. Tatu, sibonyezi mara mbili. Nikitaka hewa nafungua mlango. Nne, kila Jumapili namtumia kitu kidogo, na kiitwe pesa ya betri.

Aliangalia ile karatasi muda mrefu. Akauliza, "Hii 12.4 umetoa wapi?" Nikamweleza. Akanipa ufunguo. Siku hizi yeye mwenyewe anachungulia kile kipima kabla ya kulala, kama mtu anayeangalia salio la M-Pesa.

Kuna mtu atasema dawa ni rahisi, washa tu injini. Hapo ndipo nataka tuwe makini, kwa sababu betri ikifa unapoteza safari moja, na injini ikiwashwa mahali pabaya mtu anaweza kupoteza maisha.

Tuanze na pesa. Injini ndogo ikiwa imesimama inakula kama nusu lita hadi lita moja kwa saa, kulingana na gari na kama AC iko. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi, na hata ikishuka bado hiyo ni pesa ya chakula inayotoka kwa bomba la moshi. Sasa moshi wenyewe. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu pale ambapo oksijeni ingeshika, na unalala bila kujua. Madereva wetu wa usiku, hasa ile baridi ya Julai, wanafunga madirisha, wanawasha injini, wanalala. Wengine wako kwa pakingi ya chini ya ghorofa ambapo hewa haipiti. Gari ni kuukuu, bomba la moshi limetoboka. Hiyo hesabu sitaki kuifanya hadi mwisho.

Na kitufe kimeongeza hatari hapa pia. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliandika kwamba Marekani zaidi ya watu ishirini na wanne walikuwa wamekufa tangu 2006 kwa sababu ya gari zisizo na ufunguo wa kuzungusha. Mtu anaegesha gereji iliyoungana na nyumba, gari imenyamaza, anaondoka na ufunguo mfukoni akidhani imezima. Injini inaendelea usiku kucha. Toyota ilitangaza kuweka mfumo wa kujizima kwa gari za huko kuanzia modeli za 2020. Sisi tunaendesha zile za kabla.

Wenye haibridi, Aqua na Prius na wenzao, mnisikilize mara mbili. Gari yenu ikiwa READY imenyamaza kama imezima, lakini iko macho. Betri kubwa ikishuka, injini ya petroli itajiwasha yenyewe, uwe umelala au hujalala. Ukiiweka ACC badala yake, unakula ile betri ndogo ya volti 12, na hiyo ikifa, betri kubwa yenye nguvu zote haiwezi hata kuamka. Ile kubwa inahitaji ile ndogo iifungulie mlango.

Sisemi tusikae kwa magari. Hapana. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima usiku, na pale kwetu Anko alifungua Vitz watu wachaji simu. Ilikuwa raha. Mama wa orofa ya tano alimpigia mtoto wake Qatar kutoka kiti cha nyuma. Simu moja ya kawaida kutoka sifuri hadi mia inakula kama ampea 2 kwa saa za betri ya gari. Simu tano ni 10, inavumilika kama betri ni nzima. Simu kumi na mbili ni 24, na hapo unaamua kati ya simu za ploti na kazi ya kesho. Anko alichaji tano, akasema basi, na wengine wakanuna. Leo naona alikuwa na hekima kuliko sote. Alijua ukarimu wake una Ah ngapi.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga. Mtaa wetu hauna nafasi, kwa hivyo tunaishi kwa vitu vya wenzetu: ngazi ya jirani, tanki la maji la ploti, Wi-Fi ya mtu, gari ya anko. Hiyo ndiyo Huruma na mimi siionei haya. Lakini kitu cha mtu ukikitumia bila kujua kinavyoisha, utakimaliza na bado utajiona mtu mzuri. Kujua kipimo ni heshima. "Shikamoo" yako haina maana kama umemwachia mzee gari iliyokufa.

Kwa hivyo ukiingia kwa gari ya mtu usiku wa leo, kabla ya kuunganisha simu na spika, muulize betri ni ya mwaka gani na asubuhi anatoka saa ngapi. Bonyeza mara moja, mguu ukiwa mbali na breki. Na ukitoka, bonyeza mpaka taa ya kitufe izime, ngoja dashibodi ilale, ndipo ufunge mlango polepole. Kuna mtu juu analala akitegemea hiyo gari.